Filamu 25 za James Bond bila kukwama njiani

Filamu rasmi za James Bond, jasusi wa kubuni wa Uingereza, ni 25, kuanzia Dr. No ya mwaka 1962 hadi No Time to Die ya 2021. Ukizijumlisha unapata karibu saa 53 na nusu za kutazama, kabla hujahesabu kula wala kulala. Wengi wanaoanza safari hii hawafiki mwisho, na kinachowaangusha si ubovu wa filamu. Wanakwama katikati ya zama za Roger Moore, mwigizaji wa tatu wa Bond, kwenye filamu ya 10 au ya 11, pale tajiri mwingine mwenye ngome ya siri anapotaka kuangamiza dunia, ilhali tajiri wa namna hiyo hiyo wamemwona saa mbili zilizopita.

Mfululizo huu umejengwa kwa marudio. Mtutu wa bunduki unaomfuata Bond kwenye skrini nyeupe, purukushani ya ufunguzi, wimbo, ofisi ya M, mkuu wake wa kazi, vifaa vya Q, fundi wa idara yake, adui anayemkaribisha Bond mezani badala ya kumpiga risasi: vyote vinarudi, na ni lazima virudi. Marudio hayo ndiyo utamu wenyewe, na ndiyo yanayochosha yakikaribiana mno. Kwa hiyo anayepanga marathoni ana kazi moja kubwa, nayo ni kuamua filamu ipi ikae jirani na ipi. Mengine yote, hata runinga nzuri, yanakuja baada ya hapo.

Zipi ziingie, na kwa mpangilio gani

Hesabu ya 25 ni ya filamu za kampuni ya Eon, iliyoanzishwa na watayarishaji Albert R. Broccoli na Harry Saltzman. Nje ya hizo zipo mbili zinazowachanganya watu. Casino Royale ya 1967 ni vichekesho vitupu. Never Say Never Again ya 1983 ina Sean Connery mwenyewe, Bond wa kwanza, ila hadithi yake ni ile ile ya Thunderball ya 1965 iliyotengenezwa upya, hivyo ukiiingiza kwenye ratiba utatazama mabomu yale yale yakiibwa mara mbili. Ziache zote mbili nje. Kama una hamu nazo, zitazame mwezi mmoja baada ya kumaliza.

Fuata miaka ya kutoka. Wapo wanaopanga kuanzia mbaya kwenda nzuri, na wapo wanaochanganya waigizaji kila usiku ili wasichoke. Njia zote mbili zinaua jambo ambalo ni marathoni pekee inayoweza kukuonyesha, yaani namna filamu moja inavyoijibu iliyotangulia. Moonraker ilikwenda anga za juu, iliyofuata ikarudi ardhini. Die Another Day ilizidisha mbwembwe hadi gari likawa halionekani, iliyofuata ikaanza upya na Bond asiye na kifaa cha maana zaidi ya simu na mwili wake. Ukichanganya miaka, majibu hayo huyasikii.

Kuna nyuzi mbili ambazo hazivumilii kurukwa. Ya kwanza inaanzia On Her Majesty's Secret Service ya 1969. Ufunguzi wa For Your Eyes Only ya 1981 unarudi moja kwa moja kwenye mwisho wa filamu hiyo, na Licence to Kill ya 1989 inaigusa kwa maneno machache tu. Asiyeijua ya 1969 ataona Bond ameinamisha kichwa na hataelewa kwa nini. Ya pili ni filamu tano za Daniel Craig, ambazo ni hadithi moja ndefu. Zilizotangulia karibu zote zinajitegemea. Hizi tano hazijitegemei hata kidogo.

Ratiba ya siku 13

Filamu mbili kwa usiku ndicho kipimo kinachofaa. Ni kama saa 4 na dakika 10 za kutazama, ukiongeza mapumziko ya dakika 25 katikati. Ukibonyeza cha kuanzia saa 12:30 jioni, unamaliza kabla ya saa 5:20 usiku na kesho yake unaamka mzima. Namba kwenye mabano ni dakika za kila filamu. Zinaweza kupishana kwa moja au mbili kulingana na nakala.

Siku ya 1: Dr. No (110), From Russia with Love (115), Goldfinger (110). Hii ndiyo siku pekee ya filamu tatu, kwa hiyo anza mapema. Zinavumilika kwa sababu ni fupi, na kwa sababu unaona nyumba ikijengwa tofali kwa tofali. Dr. No haina purukushani kabla ya majina ya waigizaji. Ya pili inaileta, pamoja na Desmond Llewelyn, mtu wa vifaa ambaye tutakuwa naye hadi 1999. Ya tatu inaleta gari la Aston Martin DB5 lenye kiti cha kumrusha abiria, na sauti ya mwimbaji Shirley Bassey.

Waonye wenzako kuhusu Dr. No kabla hamjaanza. Anayesubiri milipuko atasinzia. Bond wa filamu hii ni mpelelezi anayefanya kazi kwa mikono. Tazama chumbani kwake hotelini Jamaika: anang'oa unywele mmoja kichwani, anaulowesha kwa mate na kuubandika kati ya milango miwili ya kabati. Kisha anapaka poda kwenye vifungo vya mkoba wake. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna mtu anayeeleza kinachofanyika. Akirudi na kukuta unywele haupo, atajua kuna mtu aliyeingia. Ukimsikia mgeni wako akiguna kwa kuelewa hapo, ujue marathoni yako itafika mbali.

Siku ya 2: Thunderball (130), You Only Live Twice (117). Usibadilishe mpangilio huu. Thunderball ina mapigano marefu ya chini ya maji, na chini ya maji watu hupigana polepole na hawasemi. Ukiitazama ya pili, macho yakiwa yameshachoka, nusu ya sebule italala. Ya pili iwe ile ya volkano. Jengo lile la ndani ya volkano lilisanifiwa na Ken Adam na kujengwa kweli kweli katika studio za Pinewood, Uingereza, kwa karibu dola milioni 1, fedha inayokaribia bajeti nzima ya Dr. No. Hapo hapo ndipo Blofeld, adui mkuu wa Bond, anaonyesha uso wake kwa mara ya kwanza.

Siku ya 3: On Her Majesty's Secret Service (142), peke yake. Watu hubishana sana kuhusu siku hii, maana inaonekana kupoteza nafasi. Tunasisitiza: peke yake. George Lazenby aliigiza Bond mara hii moja tu, na filamu inamalizika mahali ambapo hakuna filamu nyingine ya wakati ule ilithubutu kufika. Iliyofuata ni nyepesi, ya mzaha mwingi, na inapita juu ya jambo lile kana kwamba halikutokea. Ukiziunganisha usiku mmoja, ya pili inaifuta ya kwanza. Zima runinga, kaeni mzungumze, mkalale.

Siku ya 4: Diamonds Are Forever (120), Live and Let Die (121). Connery anaaga, Moore anapokea. Usimtafute Q katika hii ya pili, hayumo.

Siku ya 5: The Man with the Golden Gun (125), The Spy Who Loved Me (125). Siku ya 6: Moonraker (126), For Your Eyes Only (127). Hizi nne zinastahili maelezo kwa pamoja, kwa sababu hapa ndipo watu huanguka. You Only Live Twice, The Spy Who Loved Me na Moonraker ziliongozwa na mtu mmoja, Lewis Gilbert, na mifupa yake ni ile ile. Chombo kikubwa kinatoweka: mara ya kwanza ni cha anga, mara ya pili ni nyambizi, mara ya tatu ni chombo cha anga tena. Dola kubwa zinashukiana. Nyuma ya yote yuko mtu mmoja mwenye makao yaliyofichwa, na mwisho wake ni majeshi mawili yanayopigana ndani ya makao hayo huku saa ikihesabu kurudi nyuma. Ni mifupa mizuri, na The Spy Who Loved Me ndiyo iliyovikwa nyama bora kuliko zote tatu. Ila ukizitazama mbili usiku mmoja, ya pili utaiona kama nakala hata pale isipokuwa nakala. Ratiba hii inaweka usingizi kati ya The Spy Who Loved Me na Moonraker, kisha baada ya Moonraker inaleta filamu ambayo Bond anapanda jabali la Meteora, Ugiriki, kwa kamba na vidole. Baada ya bunduki za miale angani, jabali lile linapumzisha akili kuliko kikombe cha chai.

Baada ya The Spy Who Loved Me msikimbilie rimoti. Maandishi ya mwisho yanaahidi kwamba Bond atarudi katika For Your Eyes Only. Hakurudi katika hiyo. Sinema za anga za juu zilipovuma mwaka huo wa 1977, watayarishaji waliivuta Moonraker mbele.

Siku ya 7: Octopussy (131), A View to a Kill (131). Siku ngumu kuliko zote. Moore ana miaka 57 katika ya pili, na mtu anayemrukia adui kwa mbali mara nyingi si yeye. Weka mapumziko ya saa nzima katikati badala ya dakika 25, tokeni nje mkanyooshe miguu. Mkiona hamwezi, ahirisheni ya pili hadi kesho na ratiba isogee siku moja. Kusogeza si kushindwa. Anayejilazimisha hapa ndiye hurudi akisema Bond anachosha.

Siku ya 8: The Living Daylights (131), Licence to Kill (133). Timothy Dalton analeta hasira, na chumba kinaamka. Licence to Kill ina ukatili uliozidi wa filamu zote zilizoitangulia. Uingereza iliipa kiwango cha miaka 15 na kuendelea. Kama kuna watoto, jioni hii watafutiwe shughuli nyingine.

Siku ya 9: GoldenEye (130), Tomorrow Never Dies (119). Kati ya siku ya 8 na ya 9 kuna miaka sita halisi bila Bond, iliyoletwa na kesi za haki za filamu, na katikati yake Umoja wa Kisovyeti ukavunjika. Mwambie hivyo kila aliyepo kabla ya kuanza, kwa sababu GoldenEye nzima ni swali la nini cha kufanya na jasusi ambaye vita vyake vimeisha, na ni Judi Dench, M mpya, anayemuuliza usoni.

Siku ya 10: The World Is Not Enough (128), Die Another Day (133).

Siku ya 11: Casino Royale (144), Quantum of Solace (106). Hapa kanuni ya kutenganisha inageuka kinyume. Ya pili inaanza muda mfupi tu baada ya ya kwanza kwisha, na wengi waliokuwa wakiidharau walikuwa wameisahau ya kwanza. Pumzikeni dakika 10, msizidishe, kisha endeleeni. Quantum of Solace ndiyo fupi kuliko zote 25, na ikiunganishwa hivi inakuwa kama sura ya mwisho ya Casino Royale.

Siku ya 12: Skyfall (143), Spectre (148). Jumla ni dakika 291, usiku mrefu kuliko mingine ukiacha ule wa kwanza. Anzeni saa 11:30 jioni.

Siku ya 13: No Time to Die (163).

Si lazima siku 13 zifuatane. Ijumaa 13 mfululizo, yaani miezi mitatu, inafanya kazi vizuri, hasa kwa kundi la watu wenye kazi. Isipite wiki tatu kati ya siku ya 11 na ya 13 tu, maana nyuzi za filamu za Craig zitakatika kichwani.

Ukiwa na siku moja tu

Chukua nne, kila moja ya mwigizaji tofauti. Goldfinger saa 4:00 asubuhi hadi 5:50. Pumzika dakika 20. On Her Majesty's Secret Service saa 6:10 hadi 8:32 mchana. Sasa kula chakula kamili, dakika 45. The Spy Who Loved Me saa 9:17 hadi 11:22 jioni. Dakika 20 tena. Casino Royale ya 2006 saa 11:42 jioni hadi 2:06 usiku. Tano haziingii. Kwa hesabu zinaingia, ila kichwa kinakataa: filamu ya tano mtu huitazama bila kuiona, na wiki ijayo hakumbuki hata adui alikuwa nani.

Picha na sauti

Kosa la kwanza ni la mipangilio ya runinga. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga nyingi za sasa hutoka kiwandani zikiwa na kazi ya kulainisha mwendo, ambayo hubuni picha za katikati ili kila kitu kiteleze. Matokeo yake Connery anaonekana kama mtu kwenye tamthilia ya mchana iliyopigwa kwa kamera ya video. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, kisha tafuta kipengele cha mwendo na ukizime kabisa. Kila kampuni hukiita kwa jina lake, kwa hiyo tafuta chochote kinachotaja mwendo au ulaini. Fanya hivyo siku moja kabla, si wageni wakiwa wameshakaa.

La pili ni umbo la picha. Filamu tatu za kwanza zina uwiano wa 1.66 kwa 1, karibu na umbo la runinga ya leo ambayo ni 1.78, hivyo utaona mistari myembamba meusi pembeni. Kuanzia Thunderball picha inapanuka hadi 2.35, na mistari meusi ya juu na chini inakula karibu robo ya skrini. Kisha Live and Let Die na The Man with the Golden Gun zinarudi kwenye 1.85, na The Spy Who Loved Me inapanuka tena. Siku ya 2 lazima atokee mtu atakayesema runinga imeharibika na kushika rimoti ili ajaze skrini. Mzuie. Ukivuta picha ijae, unakata kulia na kushoto, na Thunderball imejaza kingo hizo kwa wapiga mbizi.

Sauti ndiyo itakayokusumbua zaidi. Filamu za mwanzo zilirekodiwa kwa chaneli moja; za Craig zimechanganywa kwa spika nyingi, ambapo mtu ananong'ona na sekunde tatu baadaye jengo linaporomoka. Ukiacha kiwango kile kile cha sauti kutoka siku ya 1 hadi ya 11, majirani watakuja. Kwa filamu za zamani zima athari zote za kuzungusha sauti chumbani, kwa sababu zinachukua sauti moja safi na kuitia mwangwi wa pipa. Kwa za karibuni washa hali ya usiku, ambayo hupunguza tofauti kati ya kelele na mnong'ono. Kama una spika ya katikati, ipandishe desibeli 2 au 3 kuliko nyingine; maongezi yote hupitia hapo.

Kama unatumia DVD za zamani za Ulaya, jua kwamba nyingi zinakwenda kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde. Filamu ya dakika 130 inaisha kwa kama dakika 125, na sauti zinapanda kidogo. Si kosa la mashine yako, na hakuna cha kurekebisha zaidi ya kutumia Blu-ray au nakala nyingine.

Angalia pia maandishi ya chini ya skrini. Kirusi na lugha nyingine husemwa mara kwa mara, na baadhi ya huduma za intaneti hazionyeshi tafsiri za sehemu hizo usipoziwasha. Pima kwa From Russia with Love kabla ya siku ya 1. Na kama mnategemea intaneti, hakikisheni mapema kwamba filamu zote 25 zipo kwenye huduma yenu siku hizo. Haki za filamu hizi huhamahama, na hakuna kinachokatisha tamaa kama kufika siku ya 9 ukakuta GoldenEye imeondolewa.

Kwa skrini ya inchi 55, kaa umbali wa mita 1.7 hadi 2.2. Weka taa hafifu nyuma ya runinga badala ya giza totoro. Macho yanachoka haraka yakitazama mwanga mkali ndani ya giza kwa saa nne.

Kusimamisha filamu katikati

Kila mtu atataka kutoka mara moja kabla filamu haijaisha. Amueni mapema kwamba mtasimama mara moja tu, karibu na dakika ya 65, na rimoti iwe kwa mtu mmoja. Simamisheni pale Bond anapofika nchi mpya: ndege inatua, jina la mji linatokea, muziki unabadilika. Hapo hadithi yenyewe inavuta pumzi. Msisimamishe akiwa anakimbizwa, wala akiwa mezani na adui, maana mazungumzo yale ya mezani yamefumwa kama mchezo wa karata na yakikatwa hayarudi na moto wake.

Kula chakula kizito kabla, au katika mapumziko marefu, si mbele ya skrini. Mtu aliyeshiba gizani hafiki kwenye wimbo.

Vitu vya kutazamia

Mpe kila mtu karatasi. Siyo ya alama za mchezo, ni ya kuandika kila kiitikio kinapojipinda, kwa sababu jicho lililozoea marudio ndilo linaloona mabadiliko. Andikeni mtutu wa ufunguzi unatokea wapi: katika Casino Royale umesogezwa hadi mwisho wa purukushani ya kwanza, katika Quantum of Solace na Skyfall umepelekwa mwisho wa filamu, na Spectre inaurudisha mwanzo. Sikilizeni pia jina linavyotajwa. Mara ya kwanza kabisa, kwenye meza ya kamari ya Dr. No, ni mwanamke anayeanza: anataja jina lake la ukoo, kisha jina lake kamili, na Bond anamjibu kwa mtindo ule ule alioutumia yeye. Sigara iko mdomoni, muziki unaingia chini yake. Tangu hapo ni kiitikio. Casino Royale inakinyima kiitikio hicho, pamoja na ule muziki maarufu, hadi sekunde zake za mwisho, na aliyetoka siku 10 mfululizo za kukisikia ndiye atakayesimama kwenye kiti.

Kuna nyuso zitakazowachanganya. Mwigizaji Charles Gray, mshirika wa Bond huko Tokyo siku ya 2, ni Blofeld mwenyewe siku ya 4. Maud Adams yumo siku ya 5 kama mtu mmoja na siku ya 7 kama mwingine. Joe Don Baker ni mfanyabiashara wa silaha siku ya 8, na siku ya 9 ni mtu wa CIA aliye upande wa Bond. Hakuna siri yoyote. Waigizaji walirudishwa tu. Waambie watu mapema, la sivyo mtatumia nusu saa kubishana. Kwa Jaws, mwenye meno ya chuma, ni kinyume: yule wa Moonraker ndiye yule yule wa The Spy Who Loved Me.

Na kuna mambo ambayo ni haki kuwaeleza wageni kabla. Filamu za miaka ya 1960 na 1970 zinawatendea wanawake kwa namna inayoumiza kutazama, na tukio la zizini katika Goldfinger ndilo zito zaidi. You Only Live Twice inamgeuza Bond kuwa Mjapani kwa vipodozi. Live and Let Die inawachora watu weusi kwa dhana potofu za wakati wake. Usiyafiche na usiyaruke kwa rimoti. Yataje kwa sentensi moja kabla ya filamu, mwenye kutaka kukaa nje akae, na mazungumzo yafanyike baada ya filamu.

Usiku wa mwisho

Kabla ya No Time to Die hakikisha hakuna aliyemwaga mchele kwenye kuku wengi. Zima simu zote, si kwa adabu tu, bali kwa sababu atatokea mmoja atakayetafuta jina la mwigizaji na kukutana na mwisho wa hadithi kwenye mstari wa kwanza. Dakika 163 ni nyingi, kwa hiyo anzeni saa 12:00 jioni na mapumziko yenu ya katikati yasogee hadi kama dakika ya 80.

Mtu aliyekuwepo siku ya 3 atasikia jambo ambalo wengine hawatalisikia. Maneno fulani yanasemwa ndani ya gari mapema kabisa, na wimbo wa Louis Armstrong kutoka filamu ile ya 1969 unarudi mwishoni. Kama siku ya 3 kuna aliyekosa, mwonyesheni dakika 15 za mwisho za On Her Majesty's Secret Service mchana wa siku ya 13, kabla wengine hawajafika.

Majina yakianza kupanda, msiwashe taa. Acheni yapande yote, wimbo uishe. Baada ya jina la mwisho kabisa linatokea sentensi moja nyeupe kwenye skrini nyeusi, ile ile mliyoiona usiku baada ya usiku tangu siku ya 1.